Nyuzi Zinazong'aa za Shemeji

Mama mdogo hachagui nyuzi za gitaa la besi kwa macho. Mteja akiingia kwenye chumba chake cha kazi, nyuma ya duka la fotokopi, humkalisha kwenye kiti kisicho na mikono, akamwambia achomeke gitaa kwenye spika apige chochote anachokijua. Yeye hugeuka akatazama ukuta. Anataka kusikia vidole. Uso wa mtu haumsaidii. Akishasikia ndipo hufungua droo. Wengine huwapa nyuzi zilizozungushiwa utepe bapa, zinazoteleza chini ya kidole na kutoa sauti nene isiyo na makeke. Wanaojua kazi huwapa za chuma kitupu, zinazong'aa, zenye mikwaruzo, kali, ambazo husema kila kitu kidole kinachofanya.

Kazi hii aliianza akiwa msichana, jikoni kwa bibi. Nyuzi mpya zilikuwa adimu, kwa hiyo alizichemsha zile kuukuu kwenye sufuria, zitoke jasho na uchafu zipate kulia tena. Bibi alikuwa akifunua mfuniko na kuuliza, "Leo tena supu ya waya? Chumvi umetia?"

Wakati huo mume wa mama mkubwa, ambaye mtaa mzima unamwita Kapteni, alikuwa na bendi. Kapteni alikuwa na sauti nzuri, viatu vyeupe na maneno matamu. Besi aliijua kuivaa tu. Mlango wa studio ulipofungwa, aliyeketi na besi mapajani alikuwa shemeji yake, mama mdogo. Picha ya jalada la santuri ilipopigwa, besi ilikuwa kifuani kwa Kapteni.

"Watu hawajazoea kumwona mwanamke na besi, shemeji," alimwambia. "Tuwape muda."

Nyimbo zikapendwa, redio zikamsifu Kapteni kwa vidole vyake, naye akazipokea sifa zote. Siku moja, mezani, mbele ya ndugu wote, mama mdogo alisema kwa sauti ya chini kwamba angependa na yeye atajwe. Kapteni alicheka mpaka akaweka kijiko chini.

"Utajwe kwa lipi? Si ulikuwa unanishikia gitaa tu!"

Meza nzima ikaangua kicheko. Mama mkubwa alicheka pia, kisha akamvuta dada yake hadi ukumbini. "Nyamaza, mdogo wangu. Utanivunjia nyumba." Mama mdogo akanyamaza. Hakusamehe. Kila alipousikia wimbo wao kwenye redio ya jirani alizima pasi ya kuchomelea waya, akasubiri uishe.

Mwaka huu Kapteni alikuja mwenyewe kwenye kile chumba, gitaa mgongoni. Redio ilikuwa imeandaa onyesho la mchana la kuiadhimisha bendi, na mtangazaji alikuwa ameomba ule wimbo unaopendwa zaidi uanze kwa besi peke yake, bila ngoma, bila kinanda. Miaka yote jukwaani Kapteni alikuwa amejificha nyuma ya ngoma, na nyuzi zake zilizokufa zikinguruma kama friji bovu.

"Karibu, shemeji. Kaa upige."

"Hata mimi? Wewe unanijua."

"Wateja wote wanapiga."

Akageukia ukuta. Alisikia kidole cha kushoto kikibonyeza nusunusu, kikichelewa kuondoka, na kucha ikigonga chuma. Alisikia ile pumzi fupi ya kimya katikati ya utangulizi, aliyoibuni yeye mwenyewe, ikirukwa kama dimbwi. Nyuzi kuukuu zilimsitiri mtu huyu. Fundi yeyote anayemtakia mteja wake mema angemwekea zile laini. Mkono wa mama mdogo ulikuwa tayari juu ya droo ya nyuzi hizo.

"Niwekee zile zinazong'aa," Kapteni akasema nyuma yake. "Kamera zitakuwepo."

"Hizo hazifichi kitu, shemeji. Ukikosea, zinatangaza."

"Mimi nikosee nini? Nataka watu wasikie."

"Haya," akasema mama mdogo. "Watasikia."

Hajawahi kulihudumia gitaa vizuri namna ile. Alisafisha shingo kwa mafuta, akainyoosha, akafunga nyuzi za chuma na kuzivuta moja moja mpaka zikatulia kwenye sauti zake. Kisha akainua sumaku inayonasa sauti karibu kabisa na nyuzi, ili hata ukucha usipotee. Alifanya kazi huku akipiga mluzi.

Kesho yake mama mkubwa alifika akihema. "Umemfanyia nini mume wangu? Tangu asubuhi nyumba inalia kama bati linaburuzwa!"

"Nimemfanyia alichoomba."

"Mbadilishie. Kwa ajili yangu."

"Aje aseme mbele yako nani alipiga zile nyimbo. Nitabadilisha bure, hapohapo."

Mama mkubwa alitikisa kichwa. "Hawezi kusema, unamjua."

"Basi na apige."

Siku ya onyesho mama mdogo alikaa mstari wa mbele, miguu ameikunja, mkoba mapajani. Kapteni akatoka na viatu vyake vyeupe, watu wakashangilia, mtangazaji akaomba utulivu. Noti ya kwanza ilikwaruza. Ya pili ikagonga chuma, ya tatu ikalia pamoja na ya nne. Mtu wa nyuma akapaza sauti, "Kapteni, unapiga au unafukuza kuku?" Ukumbi ukacheka. Kapteni akaacha kupiga, jasho likimtiririka, akashika kipaza sauti.

"Samahani, wapenzi. Fundi ameniharibia gitaa."

Mama mdogo alikuwa ameshafika kwenye ngazi za jukwaa.

"Fundi ni mimi. Lete."

Mbele ya kamera zote Kapteni hakuwa na la kufanya ila kulivua. Mama mdogo akapiga utangulizi wote, na ile pumzi fupi akaipa nafasi yake. Zile nyuzi kali hazikukwaruza hata mara moja. Watu wazima walisimama na kushika vichwa, kwa maana waliitambua mikono waliyoisikiliza ujana wao wote. Mtangazaji akanyanyua kipaza sauti. "Mama, kwenye santuri alipiga nani?"

"Muulize yeye."

Kapteni akatazama viatu vyake. Alinyamaza muda mrefu, na redio ikarusha ukimya huo wote hewani. Hatimaye akasema, "Yeye."

Watu walimwomba mama mdogo aendelee. Akakataa. Akamvisha Kapteni ule mkanda begani, taratibu, kama anayemvalisha mtoto sare ya shule.

"Wimbo bado una beti tatu, shemeji. Malizia."

Akarudi kwenye kiti chake, akakunja mikono, akamsikiliza mpaka mwisho bila kupepesa. Kiti cha mama mkubwa kilikuwa kitupu. Alikuwa ameondoka kwenye ubeti wa kwanza, na hadi leo hajamsalimia dada yake. Ukimuuliza mama mdogo kama hilo linamuuma, anasema linamuuma sana. Ukimuuliza kama, siku ile ikirudi, angeweka zile nyuzi laini, anageuka kutazama ukuta na kukuambia umpishe, kuna mteja nyuma yako.