Mstari Mmoja wa Mama Siki

Mama yangu mdogo alipewa jina la Mama Siki na wenzake wa kazini, kwa sababu halikuwahi kutokea doa lililomshinda akiwa na chupa ya siki mkononi. Birika lenye magamba meupe ndani, siki. Kioo chenye alama za vidole, siki na gazeti la zamani. Bomba la bafuni lililofifia, kitambaa kilicholowa siki, lifungwe nusu saa kama mgonjwa wa kichwa. Marehemu mume wake alikuwa akisema kwamba alioa mke, na harufu akapewa kama nyongeza.

Alifanya kazi miaka ishirini na sita katika nyumba ya wageni yenye vyumba kumi na kimoja, nyuma ya stendi ya mabasi. Alikuwa anasafisha vyumba vyote, na asubuhi kabla ya kusafisha alikuwa anawapikia wageni kifungua kinywa: uji, mayai, mkate wa kuchoma, chai. Wageni walikuwa madereva, wachuuzi wa mikoani, watu waliokuja mjini kwa kesi au kwa matibabu. Walilalamika kuhusu magodoro, kuhusu kelele za stendi, kuhusu maji. Kuhusu mayai hawakulalamika. Wengine walirudi kwa ajili ya mayai na kuyavumilia magodoro.

Mwenye nyumba hiyo, Bosi Mkubwa, alipofariki, nyumba ikawa ya mwanawe. Huyu wafanyakazi walimwita Bosi Mdogo, ingawa ana kitambi kumzidi baba yake. Alikuwa amesomea mambo ya hoteli miaka miwili, akarudi na kompyuta ndogo na neno "mfumo". Wiki ya kwanza alimwita Mama Siki ofisini, akamwambia kwamba kitu kisichoandikwa hakipo. Kwa hesabu hiyo, mama mdogo alikuwa hayupo kwa miaka ishirini na sita, na alishangaa ni nani aliyekuwa anachoka.

Alichotaka Bosi Mdogo ni mwongozo. Usafi wa nyumba na upishi wa kifungua kinywa, vyote viandikwe kwa namna ambayo mtu yeyote anayetoka barabarani ataweza kufuata. Alimpa mwezi mmoja. Mwongozo ukifaa, Mama Siki atakuwa msimamizi, atakaa kwenye kiti na kufundisha vijana. Usipofaa, basi atatafuta kampuni ya usafi ilete watu wake, na mama apumzike nyumbani. Aliyasema hayo kwa heshima, hilo sitamnyima. Hata chai alimwagizia.

Mimi nina duka la kuchapa na kutoa nakala, mlango wa tatu kutoka kwenye nyumba hiyo ya wageni. Naandikia watu barua za kuomba kazi, barua za kuacha kazi, na kadi za harusi za watu ambao baadaye nawaandikia mambo mengine. Vitabu vya wageni na vya risiti vya nyumba ile nilikuwa nachapa mimi. Kwa hiyo mama mdogo alipokuja na mkoba wake na kukaa kwenye benchi la wateja, nilijua kazi imefika.

Kuandika kwa mkono alisema hawezi, vidole vimeshazoea brashi. Nikamfungulia simu, nikamwonyesha pa kubonyeza, nikamwambia aongee tu, simu itaandika. Nilimpa masharti machache ninayowapa wote. Shika simu karibu na mdomo lakini usiimeze. Sema jambo moja, nyamaza, kisha sema lingine. Na ukimaliza, hifadhi, kwa sababu simu ikizima haina huruma.

Alifuata yote isipokuwa la kunyamaza. Siku ya kwanza aliongea dakika arobaini akiwa jikoni kwake, na simu ikaandika kila kitu kwa uaminifu mkubwa. Nilisoma hivi: "Unga wa uji ukoroge kwanza na maji baridi kwenye bakuli, ndipo uumimine kwenye maji yanayochemka, ukianza na moto utapata madonge, we paka shuka hapo, shuka nimesema, halafu koroga bila kuacha." Nilimwondoa paka. Vingine niliviacha kwanza, nikavipitisha kwenye chombo cha kunyoosha maandishi nilicho nacho kwenye kompyuta, ambacho ukikipa sentensi ya mtu wa kawaida kinakurudishia sentensi ya mtu wa wizarani.

Mama mdogo alikuwa amesema: "Sugua kwenye kona, uchafu unapenda kona kama mmbea." Chombo kikaandika: "Zingatia kikamilifu usafi wa maeneo ya pembezoni." Alikuwa amesema: "Anza juu ushuke chini, ukianza chini utafagia mara mbili, na mara ya pili utafagia kwa hasira." Chombo kikaandika: "Tekeleza zoezi kwa mpangilio stahiki." Nilimsomea huku nikijisikia msomi.

Aliuliza pembezoni ni wapi, ni nje? Nikamweleza. Akaniuliza aliyeandika ni nani. Nikamwambia ni mashine. Akafikiri, akasema mashine hiyo haijawahi kuosha sufuria, na kwamba kama nataka kumwachia mtu mwongozo wa mtu ambaye hajaosha sufuria, basi nimwachie Bosi Mdogo aandike mwenyewe. Niliudhika, kwa sababu chombo kile nilikuwa nakisifia kwa wateja. Lakini nilirudisha maneno yake, yote, pamoja na mmbea.

Kwa wiki tatu tuliandika. Siki usiichanganye kamwe na dawa ya klorini, hewa yake itakutoa ukumbini ukikohoa. Kibao cha kukatia kisugue kwa chumvi na nusu limau. Yai livunje kwanza kwenye kikombe, usilivunje moja kwa moja kwenye wenzake, maana moja bovu linaharibu kumi. Mistari ikafika arobaini na miwili. Nilichapa huku nikizidi kuona jambo ambalo yeye hakuliona, au aliliona akanyamaza. Mwongozo ulikuwa mzuri mno. Hata mimi, ambaye chai yangu haijawahi kusifiwa na mtu, nilipika yai kwa kuufuata na likawa yai la Mama Siki.

Nikamwambia, siku hiyo mchana, tukiwa wawili dukani. "Mama mdogo, acha kitu kimoja kichwani. Ukimpa vyote, wewe atakuhitajia nini?"

Hakuinua macho. Alikuwa anafuta kaunta yangu kwa kitambaa alichotoka nacho kwake.

"Mtu akila yai baya kwa karatasi yangu, aliyelipika ni mimi," alisema. "Andika vyote."

Nikaitikia ndiyo. Alipoondoka nikafungua faili na kufuta mstari wa kumi na tisa. Ulikuwa unasema: "Zima moto yai likiwa bado linang'aa juu, funika, hesabu hadi thelathini, litajimalizia lenyewe." Nilijiambia kwamba Bosi Mdogo atapika, yai litakataa, atamwita mama mdogo aliokoe, na hapo ataelewa kwamba mtu si karatasi. Nilijiona mjanja sana. Nikachapa nakala tatu, nikazibana na kuziwekea jalada la plastiki.

Siku ya majaribio Bosi Mdogo alivaa aproni. Alisema atafanya kila kitu mwenyewe kwa kufuata maandishi, na Mama Siki akae kwenye kiti bila kusema neno. Mimi nilikuwepo kwa sababu nilileta nakala. Alisafisha chumba namba saba kwa saa moja na nusu, akitoka jasho, akianza juu na kushuka chini, na chumba kikang'aa. Uji haukuwa na donge hata moja. Mama mdogo alikaa wima, mikono mapajani, na nilimwona anajizuia kutabasamu.

Kisha Bosi Mdogo akapika mayai. Alifuata kila mstari na kidole chake. Moto mdogo, mafuta kidogo, vunja kwenye kikombe, mimina, subiri. Mwongozo haukumwambia lini aache kusubiri, akaendelea kusubiri kama mtu aliye kwenye foleni. Mayai yakatoka magumu na makavu, ungeweza kuyavaa kama kandambili. Wageni wawili waliojitolea kuonja walitafuna kwa adabu.

Bosi Mdogo alimgeukia mama mdogo, akamuuliza kwa upole kama kuna kitu kimepungua. Mama mdogo aliinuka, akachukua karatasi, akapita na kidole mstari kwa mstari. Kutoka wa kumi na nane akaangukia wa ishirini wa zamani, ambao sasa uliitwa wa kumi na tisa. Akarudia kutoka mwanzo. Nilingoja anigeukie, nikiwa tayari na uongo wangu. Hakunigeukia.

"Nilidhani nimesema," alisema. "Labda sikusema."

Bosi Mdogo akasema si kitu, hutokea kwa umri, wakae wiki moja wafikirie. Alivua aproni, akaikunja vizuri.

Nilikuwa nimejiandaa kwa kila jambo isipokuwa hilo. Niliona atagombana, au atacheka, au ataenda jikoni na kuokoa mayai. Badala yake alirudi nyumbani na kuanza kujikagua. Alizima jiko, akatoka, akarudi kuangalia kama amelizima. Aliandika "chumvi" kwenye kiganja. Alinipigia simu kuniuliza kama Jumanne alikuja dukani au alikusudia tu kuja. Mwanamke aliyekuwa anajua bila kuandika ni mgeni gani hanywi chai ya maziwa, alianza kuhesabu vijiko vyake kwa sauti. Nilimsikiliza kwenye simu nikajichukia, na nasema hivyo bila kupamba.

Siku ya tano nikaenda kwake asubuhi. Nilimkuta ameketi mbele ya sufuria tupu, anajaribu kukumbuka kama tayari ameweka maji. Nikamwambia yote. Nilimwambia mstari aliusema, simu iliuandika, nikaufuta mimi kwa mkono wangu, na kwamba nilifanya hivyo ili asifukuzwe.

Mimi nililia, yeye hapana.

"Kwa hiyo sijasahau," alisema.

"Hujasahau, mama."

Akashusha pumzi kama mtu aliyetua ndoo. Akainuka akaweka maji kwenye sufuria. Kisha akaniuliza kama mstari unaweza kurudishwa. Nikamwonyesha kwenye simu yangu kwamba faili linatunza kumbukumbu ya kila kilichofutwa, siku na saa, na kwamba unabonyeza mara moja tu kinarudi. Aliitazama ile orodha, akaliona jina langu pembeni ya mstari wake. Akasema kumbe mashine ina kumbukumbu kuliko sisi wote, basi iurudishe na wewe uchape.

Tulienda wote kwa Bosi Mdogo. Njiani nilimwambia nitasema mwenyewe nilichofanya. Tulipoingia ofisini aliweka nakala mpya mezani kabla sijafungua mdomo.

"Nilisahau mstari mmoja," alisema. "Huu hapa."

Nilianza kusema, akanikanyaga mguu chini ya meza. Kwa viatu vyake vya kazi.

Bosi Mdogo alipika tena siku hiyo hiyo, akahesabu thelathini kwa sauti, na mayai yakawa mayai. Alikula mawili akiwa amesimama. Kisha akamketisha mama mdogo na kumwambia, kwa heshima ileile na chai ileile, kwamba mwongozo ni wa kipekee, hajaona mwongozo kama huo hata alikosomea. Lakini cheo cha msimamizi kinataka mtu ambaye hasahau, maana anasimamia na dawa na gesi, na mama mwenyewe amekiri. Ni afadhali apumzike. Wangemfanyia sherehe ndogo. Walimfanyia kweli, na keki ilikuwa kavu.

Siku ile tukitoka ofisini nilimuuliza kwa nini alijisingizia. Alinijibu kama anayeeleza jinsi ya kukunja shuka. Kwanza, vitabu vya risiti nachapa mimi, na Bosi Mdogo asingempa tena kazi mtu anayefuta mistari. Pili, angemwambiaje mtu wa nje kwamba mtoto wa dada yake ni mwongo. Tatu, nimwache avuke barabara. Nilimwambia nitarudi peke yangu nikaseme ukweli. Akasema niende, na akiulizwa atasema ninamtetea tu mama yangu mdogo, na nani hatamwamini.

Akakaa nyumbani miezi miwili. Alisafisha nyumba yake mpaka ikawa haina tena cha kusafisha, akahamia kwa majirani. Wiki iliyopita alikuja dukani na fomu. Bweni la chuo kimoja linatafuta mpishi wa asubuhi, na fomu inajazwa kwa kompyuta. Alikaa kwenye benchi, nikaanza kuuliza na kuandika. Umri, hamsini na nane. Uzoefu, miaka ishirini na sita. Ujuzi, akataja kwa dakika kumi, nikaandika vyote.

Tukafika palipoandikwa sababu ya kuacha kazi ya awali. Nikasema tuweke kustaafu. Akatikisa kichwa. Akasema wale wa chuo watampigia Bosi Mdogo simu, na maneno lazima yafanane.

"Andika alisahau mstari mmoja," alisema.

Nilikaa na vidole juu ya kibodi. Alisubiri, mkoba mapajani, akikitazama kioo cha kompyuta kwa sababu kilikuwa na vumbi. Nikaandika. Akaniambia nimsomee, nikamsomea. Akaniuliza kama nimehifadhi.