Sentensi Yenye Jina la Paulina

Harufu ya samli hainiachi. Nimepanga vyumba Mererani, Kahama, Tunduma, na popote jirani anapoyeyusha samli, namkumbuka Paulina.

Tulikaa dawati moja darasa la sita, pale Babati. Alikuwa Mdatoga wa kijiji cha Bonga, mkubwa kuliko sisi wote kwa kuwa alichelewa kuanza shule. Kuzunguka macho yake alikuwa na chale za duara, urembo wa kwao, na nywele zake zilinukia samli. Baba yake alimruhusu asome kwa sharti moja: siku watu wakimcheka, anarudi kuchunga mpaka aolewe. Siri hiyo aliniambia mimi tu.

Siku moja mwalimu aliandika ubaoni neno la Kiingereza: strange. Alisema maana yake ni kisicho cha kawaida, cha kushangaza. Kwamba Waingereza walilitoa kwa Wafaransa, nao kwenye Kilatini, ambako lilimtaja mtu au kitu cha nje. Kisha, kama ilivyokuwa kawaida yake, akataka kila mmoja aandike sentensi yenye jina la mwenzake wa darasani.

Nikanyoosha mkono nisome yangu. Jamani, nilitaka kusifiwa tu.

"Paulina is strange."

Darasa lililipuka. Paulina akatoka mbio kabla madaftari hayajakusanywa. Wenzangu wakamfuata hadi barabarani, wamejichora miduara usoni kwa chaki. "Strange! Strange!" Kesho yake nilikaa peke yangu.

Nilikwenda Bonga mara tatu kwa miguu. Baba yake aliitikia shikamoo yangu bila kunitazama.

"Mzee, kosa ni langu. Nichape mimi, yeye arudi," nilimwambia nikilia.

"Nilishasema," akajibu.

Mara ya mwisho nilimkuta Paulina zizini, anafunga ndama.

"Ile sentensi," akaniuliza, "mwalimu alikuwekea vema?"

Nilidhani ananisuta. Nikakimbia.

Mwaka huu binti yangu aliugua wiki nzima. Wenzake walipokuja kumwona, hata hakungoja pole zao. "Madaftari yamerudishwa? Mmepata ngapi?" Nikatoka nje, nikakaa chini.

Paulina hakunisuta. Alitaka kujua kama lile neno linatumika vile. Alikuwa bado anasoma, pale zizini, na mwenye daftari lililosahihishwa aliyefika kwake nilikuwa mimi peke yangu.