Mkwe Niliyempa Zamu

Jumanne, tarehe 12 Novemba. Manyunyu tangu alfajiri, ukungu umekaa kwenye migomba hadi saa tano.

Leo nitajisifu kidogo, ingawa mwanzo wa sifa yenyewe ni kosa langu.

Napanga zamu za wahudumu wanaokwenda majumbani kuwaosha wazee wasioweza kuinuka. Nimeishia darasa la saba, na ule mfumo wa zamu kwenye kompyuta bado naugusa kama chungu cha moto. Kila mzee ana sehemu mbili: mhudumu anayempendelea, na mhudumu ambaye asipangiwe kabisa. Kuuliza na kujaza ni juu yangu.

Mwezi uliopita nilikwenda Kimuli kwa bibi aliyepooza miguu, nikamsomea majina ya wahudumu. La nne likamchekesha, akafunika mdomo kwa kanga.

"Huyo ana adabu kuliko wanangu wa kuzaa."

Nikaweka tiki: anampendelea.

Wiki iliyofuata jirani yake akapiga simu. Bibi hajaoshwa siku mbili, mgongo umeanza kuwa mwekundu. "Kijana wenu anaacha maji ya moto mlangoni, anasalimia akiwa migombani, anaondoka."

Msimamizi wetu akasema, "Mwondoe kwenye ratiba. Uvivu hauna dawa."

Nusura nimwondoe. Lakini nilikuwa nimesikia upande mmoja tu, nikampigia kijana.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mbona humwoshi bibi?"

"Mama, yule ndiye aliyemzaa mke wangu."

"Si ungesema?"

"Niliandika kwamba kwa yule sitaweza. Ukanijibu, mteja mwenyewe amekutaka."

Nikatafuta ujumbe. Kweli, nilijibu hivyo hivyo. Na mimi ni wa huku huku, najua mkwe haingii chumbani kwa mama mkwe, sembuse kumvua nguo. Bibi alikuwa akimsifu mkwe, mimi nikaandika mhudumu.

Nikarudi kwa msimamizi. "Kosa ni langu. La kijana ni moja tu, angetafuta wa kumbadili siku ile ile."

"Wewe unajishitaki kabla polisi hajafika," akasema. Lakini kijana akabaki kazini.

Nilimwomba mhudumu mwingine, mama mmoja wa Songambele, ambaye wazazi wake walitoka Burundi, aende kwa bibi siku ile ile. Akakubali. Mzee wa kiume aliyekuwa kwenye zamu za mama huyo nikampa kijana, baada ya kumuuliza mzee mwenyewe. Tangu hapo kabla ya tiki nauliza, "Huyu ni nani kwako?" Mfumo hauna sehemu hiyo, naandika kwenye nafasi ya maelezo. Jana msimamizi aliwaagiza wapangaji wote waulize hivyo. Sijui kama nastahili sifa hiyo, ila nilitembea nyumbani kichwa juu.

Leo nimepita Kimuli. Mgongo wa bibi umepona, ananukia sabuni.

"Umeniletea mwanamke mwenye mikono," akasema. "Lakini yule wangu bado anawashinda wote."

"Najua, bibi. Ndiyo maana nimemwandika asipangiwe."

Akacheka mpaka akakohoa.

Binti yake, mke wa kijana, akanitolea mkungu mzima wa ndizi. Nikamwambia mpanga zamu hapokei mkungu kwa mtu anayempangia. Tukabishana, mwisho nikachukua chane moja, na kesho nitamwambia msimamizi. Jioni tumeipika katogo, ndizi na maharage chungu kimoja. Mume wangu ameuliza mbona ni kidogo.