Baiskeli Haikuwa na Keria

Sinywi pombe, sivuti kitu, na Jumapili utanikuta kwaya, sauti ya pili. Nasema mapema kwa sababu najua utakachoniuliza nikimaliza. Wote niliowasimulia waliniuliza hicho hicho. Basi jibu unalo. Jambo hili lilinitokea mimi mwenyewe, mchana kweupe, macho wazi, na sikulitia chumvi hata punje.

Mimi ni fundi baiskeli. Ndiyo, fundi mwanamke, na kama hilo ndilo linalokushangaza basi subiri, bado. Kibanda changu kiko Kimandolu, hapa Arusha, na ninachoshughulika nacho zaidi ni baiskeli za mlimani za mtumba, zile zinazokuja kwenye makontena. Wazee waliita vitu vya namna hii "kafa Ulaya", yaani mwenyewe kafa huko ndiyo kikaletwa kwetu. Usikimbilie huko. Mtumba hauna kosa katika habari hii. Kosa lilitoka mdomoni mwangu.

Nina mdogo wangu anaitwa Anaeli. Alipata kazi ya kuongoza watalii wanaoshuka kwa baiskeli kwenye miteremko ya mlima Meru, aanze Jumatatu, kwa sharti kwamba kila kiongozi aje na baiskeli yake. Kazi nzuri. Lakini mwaka uliotangulia alikuwa ameanguka akavunjika bega, na mama yetu, ambaye ana mtoto wa jicho na haoni zaidi ya vivuli, aliniita akanishika mkono. "Wewe ndiye fundi," akasema. "Utamchagulia wewe. Likimpata la kumpata, nitakuuliza wewe." Mama huwa hatishi watu. Maneno yale nililala nayo siku tatu.

Muuzaji mmoja tunayefahamiana akatuachia baiskeli mbili tuzijaribu Jumamosi, tubaki na moja. Ya kwanza ilikuwa na shokapu, ile springi ya kumeza mitikisiko, ya mbele tu, nyuma fremu kavu. Ya pili ilikuwa na shokapu mbili, mbele na nyuma. Anaeli aliipenda hii ya pili kabla hata hajaikalia.

"Aisee Dada, hii ni sofa!"

"Sofa inakaa sebuleni," nikamwambia.

Mimi nilikuwa upande wa shokapu moja, na nilikuwa na sababu. Ni nyepesi kupanda. Haina beringi nyingi za kula tope. Tena ni mkweli: ukikanyaga jiwe, mgongo unajua umekanyaga jiwe. Ile nyingine inameza kila kitu, inakubembeleza mpaka siku inakutupa. Anaeli akasema wageni wanapandishwa kwa gari, kwa hiyo kupanda si hoja. Hoja ni kushuka kwenye mawe na mizizi, ambako gurudumu la nyuma likiruka ndilo linalokumwaga. Alikuwa na haki, ila sikumwambia. Mimi ni mtu wa kusema wazi, najisifu kwa hilo, lakini kumkubalia mdogo wangu mbele ya uso wake, hapana.

Hapa nivumilie nikueleze kitu kimoja, maana bila hicho hutanielewa. Shokapu ya nyuma inajazwa upepo kwa pampu yake, kulingana na uzito wa mtu. Juu ya kile chuma chembamba kinachoingia na kutoka kuna pete ndogo ya mpira. Ukikaa, shokapu inalala kidogo na kuisukuma ile pete. Ukishuka, shokapu inainuka, pete inabaki pale ilipofikishwa. Ukiitazama unajua aliyekaa ana uzito gani. Mimi na Anaeli tunalingana uzito, nikajaza upepo hadi pete ikawa inasogea upana wa kidole kimoja. Kidole kimoja. Kumbuka hilo.

Ilikuwa mwezi wa saba, ile baridi yetu ya kuingia mifupani. Tukaanzia Usa River, tukapanda katikati ya migomba na mibuni mpaka karibu na msitu. Mara ya kwanza Anaeli alishuka na sofa yake, mimi na ile kavu. Tukapanda tena, tukabadilishana. Akasema atangulie, asimame kwenye kona ya chini anipige video, tuone gurudumu la nyuma linavyofanya kazi. Akaondoka. Nikabaki peke yangu kumsubiri afike.

Ilikuwa saa tisa alasiri. Ukungu ukateremka kutoka msituni, nao kwetu si jambo geni. Nilikuwa nakaza mkanda wa kofia niliposikia, "Dada, unashuka?"

Pembeni ya njia, juu ya jiwe, alikaa mwanamke wa makamo. Gauni la kazi, gunia amejifunga kiunoni kama wanaochuma kahawa, kitambaa kichwani. Hana mzigo. Hana viatu. Nilikuwa nimepita hapo sekunde chache kabla na sikumwona, lakini nikajiambia ni ukungu. Mbona hata wewe ungejiambia hivyo?

"Nashuka," nikamjibu.

"Na mimi nashuka."

Sasa sikiliza kosa langu. Unajua tulivyolelewa. Ukiwa unakula, mtu akapita, unasema karibu. Ukiwa na kikombe kimoja cha chai unasema karibu. Na aliyekaribishwa anajua kazi yake, anasema asante, nimeshashiba, anaenda zake na njaa yake. Hakuna anayedanganywa. Basi na mimi, mguu mmoja uko kwenye pedeli, baiskeli haina keria ya kupakia mtu, haina hata pa kuning'iniza mfuko, nikasema huku nacheka, "Karibu basi, twende wote."

Yeye hakucheka. "Asante," akasema. "Nilikuwa nangoja mtu aseme hivyo."

Ndipo nikaiona miguu yake. Tulikuwa kwenye tope la wiki nzima, mimi mwenyewe limenifika magotini, na miguu yake ilikuwa safi, mikavu, hadi kwenye kucha.

Niliogopa? Niliogopa sana. Sikuaga, nikakanyaga pedeli. Sijasogea mita tano nikasikia nyuma yangu shokapu inalia pssss, taratibu, kama inavyolia mtu anapokaa. Na baiskeli ikalala.

Niamini, nimeziendesha baiskeli tangu nina miaka saba, najua uzito wa kubeba mtu. Usukani unakuwa mwepesi, nyuma panakuwa pazito, kwenye kona unavutwa. Ndivyo ilivyokuwa. Gurudumu la nyuma halikuruka hata mara moja. Mawe yale yale yaliyonigonga mgongo mara ya kwanza sikuyasikia kabisa. Breki zikaanza kunuka. Sikugeuka. Nilijaribu Baba Yetu nikasahau baada ya "ufalme wako uje", mimi niliyeifundisha Sunday school miaka minne.

Nilifika kwenye kona mikono imekufa ganzi. Anaeli alikuwa ameshika simu, anatazama nyuma yangu.

"Mama umemwacha wapi?" akauliza.

"Mama yupi?"

"Si yule uliyempakia. Nimewaona mnatokea pale juu, amekushika kiuno." Akasogea kuangalia njia. "Hata mimi, nilipokuacha tu, aliniuliza kama nashuka. Nikamwambia mama, haina keria. Akaniambia haya, nenda salama."

Tukaangalia video. Niko peke yangu. Lakini nyuma, shokapu imelala yote, na pete imesukumwa vidole vitatu.

Anaeli akajitafutia maelezo, ndivyo alivyo. Ukungu ule, mama aliruka njiani, wewe hukusikia, simu hii nayo kamera yake mbovu. Akaipokea baiskeli kwangu, akainyanyua nyuma. "Mbona haijainuka?" Kweli. Hakuna aliyekaa juu yake, na shokapu ilikuwa bado imelala.

Jioni ile nikaijaza upepo mpaka mwisho. Ikainuka. Asubuhi ya Jumapili, kabla ya kwenda kanisani, nikaikuta imelala. Nikaifungua, nikaizamisha kwenye beseni la maji kutafuta pa kuvujia. Halikutoka hata povu moja. Nikairudisha, nikajaza tena, nikasimama naitazama. Ikalala mbele ya macho yangu, taratibu, pssss, bila mtu.

Nikaamua: Anaeli atachukua ile kavu, mjadala umekwisha. Lakini alipokuja mchana kutoka ibadani, alishindwa kuvua koti. Ile safari moja ya kushuka na baiskeli kavu ilikuwa imemgonga bega mpaka mkono haupandi juu ya kifua. Nililigusa lile bega, na kama fundi nikajua jibu ambalo kama dada sikulitaka. Kwa kazi ile, kushuka kila siku, kwa bega lile, ya shokapu moja ingemrudisha hospitali ndani ya mwezi. Iliyomfaa ni ya shokapu mbili. Na ya shokapu mbili ilikuwa na mtu.

"Inavuja upepo tu, Dada. Utaiweka sawa," akasema. Ananiamini sana yule mtoto, na ana miaka thelathini.

Nikamtuma akamsalimie mama. Nikavuta pazia la kibanda, nikasimama mbele ya baiskeli kama mtu aliyeitwa kwa mjumbe wa nyumba kumi kujibu shtaka. Niliona aibu, nakuambia ukweli. Kuongea na chuma! Lakini nikasema.

"Dada, shikamoo kama unanizidi. Aliyekukaribisha ni mimi. Baiskeli haikusema kitu, na mdogo wangu alikuambia ukweli, haina keria. Yule bega lake limeshavunjika mara moja, na mama ananidai jibu. Mwache ashuke salama. Aliyesema twende wote ni mimi. Kaa na mimi."

Ikapita kama dakika. Halafu shokapu ikainuka, polepole, mpaka juu kabisa, ikatulia.

Na mimi nikasikia kitu mgongoni. Umewahi kumbeba mtoto, ule wakati ameshapanda mgongoni na bado hujamfunga kanga? Ndivyo. Uzito unaojishikilia wenyewe.

Anaeli ana baiskeli ile mpaka leo. Hajaanguka hata mara moja. Wageni wanamsifu, na yeye anamwambia kila mtu kwamba dada yake ni fundi kuliko mafundi wote wa Arusha, alitengeneza shokapu iliyokuwa imekufa. Mimi nacheka. Jumatatu ile ile jioni nilipita kwa mama. Alikuwa jikoni, anapepeta mchele kwa mkono kwa sababu macho hayamsaidii. Akanibariki. "Umemchagulia vizuri, mwanangu." Halafu akageuza uso, akatazama juu kidogo ya bega langu, akangoja. "Na mwenzako mbona hasalimii?"

Nilimwambia niko peke yangu. Mama hakubisha. Alitoa vikombe viwili.

Nilijaribu kujidanganya. Miezi kadhaa baadaye mteja alileta baiskeli ya shokapu mbili niipime. Jamaa ni mtu mnene, wa mwili hasa. Akakaa yeye, pete ikaenda kidole kimoja na nusu. Nikakaa mimi, ikaenda vidole vitatu. Akacheka, "Fundi, unakula nini?" Nikacheka naye, nikaenda nyuma ya kibanda nikalia.

Sikumuuliza anaenda wapi, hilo ndilo linaloniuma. Alisema anashuka tu. Basi siku hizi kila ninapofika mahali pageni namuuliza. Ngaramtoni siku ya soko, nasimama pembeni, nasema kwa sauti ya chini, "Dada, ni hapa?" Nimemuuliza mbele ya nyumba za watu nisiowajua, huku mbwa wananibwekea. Hajajibu. Sijui alikaa miaka mingapi juu ya lile jiwe akingoja karibu ya mtu mmoja, kwa hiyo sijui ana haraka gani ya kushuka.

Wateja wananiuliza, fundi, ninunue ya shokapu moja au mbili? Nawajibu kwa haki. Kama mgongo wako una shida na njia yako ni ya mawe, chukua mbili, zina raha yake. Kama unataka nyepesi isiyokusumbua spea, chukua moja. Mimi naendesha ya shokapu moja, na watu wanadhani ni msimamo wa kifundi. Si hivyo. Mbele hakai mtu, na nyuma yake hakuna pete ya kunionyesha tuko wangapi.

Na wewe, ukipanda huko juu ya Usa River ukungu ukashuka, mtu akakuuliza kama unashuka, usione aibu. Mwambie huna nafasi. Atakuambia nenda salama, na utaenda salama. Usiseme karibu kama huna pa kumweka.