Maji Yangu ya Jua Yamemwagwa

Rafiki zangu, leo baba amemwaga debe zima la maji yaliyopata moto bila hata kijiti kimoja cha kuni.

Niliyapasha kwa jua.

Mnakijua kipupwe hiki. Mnajua pia mama anavyofuata kuni mbali, na mgongo wake unavyomuuma, ili baba aoge maji ya moto akitoka kwenye mikorosho.

Kitabu cha sayansi kinasema kitu cheusi hunywa joto. Basi nikalipaka debe masizi, nikalijaza maji, nikaliacha uani tangu asubuhi.

Alasiri yalikuwa moto kweli! Nikampelekea baba bafuni, nimejaa fahari. (Mimi huyu, ambaye darasani sinyanyui mkono.)

"Kuni umetoa wapi?"

"Hakuna kuni, baba. Ni jua."

"Jua? Ndani ya bati?" Akalipindua debe. "Hayo ni makruhu, dini haiyapendi! Yanaleta mabaka ya mbalanga mwilini. Au huko shuleni mmepewa dini mpya?"

Nilitaka kusema kwamba tungeweza kutumia chungu cha udongo, maana katazo ni la vyombo vya bati.

Mama alichukua panga na kamba, akafuata kuni.

Nikaandamana naye. Njiani akaniuliza polepole, "Yalikuwa moto sana?"

"Sana, mama."

"Ungeniita mimi, mwanangu. Tangu kipupwe kianze mimi naoga ya baridi."