Makorongo ya Baharini na Shamba la Shangazi

Nilikuwa mkalimani wa bwana shamba Mwingereza, Lushoto, miaka ile tulipolazimishwa kuchimba matuta ya kuzuia udongo kwenye kila shamba la mteremko. Nilikuwa nimesoma shule ya serikali, nikajua Kiingereza, na kazi ile ilinipa kaptula ya kaki na kiburi.

Siku moja barazani, mbele ya zumbe, chifu wetu, bwana yule aliweka mezani beseni refu la kioo lenye maji safi, akaliinua upande mmoja. Akamimina kikombe cha tope. Halikuchanganyika na maji. Lilizama, likateremka mbio likiambaa na kitako cha beseni. Watu wakaguna.

"Waambie hivi ndivyo makorongo yanavyochimbwa chini ya bahari," alisema. "Mito hushusha mchanga na matope, yakarundikana pale sakafu ya bahari inapoanza kushuka ghafla. Siku rundo likiporomoka, linakwenda kama mafuriko, likikwangua hata mwamba. Miaka maelfu kwa maelfu, panabaki bonde refu kuliko haya yenu. Makorongo mengine yako mbele ya midomo ya mito, mengine hata mto hakuna, na yapo pwani nyingi za dunia. Udongo wenu nao unapita mto Pangani kwenda huko huko."

Nilitafsiri neno kwa neno, kwa Kishambaa safi. Nilijiona msomi.

Shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, mjane aliyelima mteremko mkali juu ya kijito, akasimama.

"Mwambie huko baharini mimi sijafika, ila mlima huu nimezaliwa nao. Matuta yake yanafunga maji. Mlima ukishiba maji utaporomoka. Kwangu ufa umeshaonekana, mwambie aje autazame."

Bwana akanigeukia. "Anasemaje?"

"Anasema kazi ni ngumu, bwana."

Niliogopa asije akaona amebishiwa na mtu wa ukoo wangu, nikapoteza kazi.

"Mwambie atazoea."

Hilo nalo nikalitafsiri lote.

Masika yalipokuja, mvua ilinyesha siku nne mfululizo. Asubuhi ya siku ya tano shamba la shangazi lilishuka zima, matuta na migomba yake, likamkuta kijitoni akichota maji. Tulichimba mpaka adhuhuri. Baba ndiye aliyeuona mkono.

Kesho yake bwana alikuja na kamba ya kupimia. Alipanda mpaka lilipomeguka shamba, akachora kwenye daftari lake, kisha akaniambia, uso umemchangamka, kwamba kule baharini ni vilevile: mteremko, uzito, maji. Hakuuliza aliyekufa ni nani. Nami sikumwambia.

Baada ya arobaini nilimweleza baba kwamba maneno ya dada yake hayakumfikia yule Mzungu.

"Sisi sote tulidhani aliyasikia akayadharau," baba alisema.

"Sikuyafikisha, baba."

"Basi usimwambie mtu. Watu wana Mzungu wa kumchukia, na hiyo inawasaidia kulala. Wewe kaa na lako."

Hakunifukuza, wala hakuniita tena mwanangu. Na mimi, Jumatatu iliyofuata, nilivaa kaptula yangu ya kaki nikaenda kazini.