Salamu ya Kichwa Kwenye Saiba

Miaka ya mwanzo ya elfu mbili, nilikuwa kwenye saiba moja, duka la intaneti, hapa Kitengela nikingoja barua yangu ya kuomba kazi ichapishwe. Kompyuta zilikuwa tano, feni moja, nayo haizunguki. Kando yangu msichana wa darasa la sita, bado na sare, alikuwa akiandikiana na mtu asiyemjua. Mtu huyo alikuwa amemuuliza, "Wewe ni nani?"

Msichana akajibu kama alivyolelewa Umaasaini: jina lake, la babake, ukoo, boma lao ng'ambo ya mto, na kwamba baba ameenda Kajiado kuuza ng'ombe.

Kabla hajatuma, dada mwenye saiba akaifunika skrini kwa kiganja.

"Mbona unamwambia hayo yote?"

"Anti, si ameniuliza? Mkubwa akiniuliza, najibu."

"Na kwenu mtoto akisalimia mkubwa anafanya nini?"

"Anainamisha kichwa, mkubwa anakishika."

"Huyu amekushika kichwa, mama yako akiona?"

Msichana akacheka. "Hapana."

"Basi hamjasalimiana bado. Futa. Lakini usimtusi. Mwandikie kwaheri, ufunge."

Alifuta herufi moja moja, kwa kidole kimoja, nasi sote tukamngoja. Siku hizo tulikuwa na muda wa kumngoja mtoto afute.

Juzi simu yangu iliniuliza kama inaweza kujua niliko. Mimi na mvi zangu nikabonyeza ndiyo, hata sijamaliza kusoma. Kile kiganja nilikikumbuka baadaye.